Pikapu Inakula Mafuta Kiasi Gani? Namna ya Kupima Mwenyewe Badala ya Kukisia

Benaco ni njia panda. Barabara ya lami itokayo Lusahunga, wilayani Biharamulo, hupita Nyakahura, huingia wilaya ya Ngara na kufika Benaco, kisha huteremka hadi daraja la Rusumo kwenye mpaka wa Rwanda. Karibu na hapo tawi jingine huelekea Ngara mjini, Kabanga na mpaka wa Burundi. Kipande cha kutoka Lusahunga hadi Rusumo peke yake kina urefu wa takriban kilomita 92. Malori ya masafa marefu hupita usiku na mchana. Hata hivyo, mzigo wa vijijini, yaani maharage, ndizi, mahindi, mabati na saruji, hubebwa zaidi na gari dogo kuliko lori: pikapu.

Katika makala hii tunazungumza na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mwenye pikapu, ambaye kila jioni hujiuliza fedha za mafuta zimekwenda wapi. Wa pili ni mkulima, mfanyabiashara au kikundi kinachokodi pikapu na kupatana bei kwa kutegemea neno la dereva: "Gari langu lita moja kilomita 12." Wote wawili wanaweza kupata hasara kwa sababu moja: kupanga safari kwa takwimu ambayo haikupimwa katika barabara wanayoipita, wala kwa mzigo wanaoubeba.

Takwimu ya kiwandani ilipatikanaje

Kila mtengenezaji wa magari hutoa takwimu ya ulaji wa mafuta. Takwimu hiyo haikutungwa; ilipimwa. Lakini ilipimwa maabara. Gari huwekwa juu ya magurudumu ya chuma yanayozunguka, dereva hufuata mwendo uliopangwa sekunde kwa sekunde, na moshi unaotoka hukusanywa ili kukokotoa mafuta yaliyoungua. Hakuna mlima, tope wala ng'ombe barabarani.

Kwa pikapu kuna jambo jingine kubwa zaidi. Katika kipimo cha Marekani, gari hupimwa kwa uzito wake likiwa tupu, ukiongezwa takriban kilo 136 tu, yaani uzito wa watu wawili. Pikapu nyingi tunazoziona Kagera zimeundwa kubeba karibu tani moja, na mara nyingi hubeba kiasi hicho au zaidi. Kwa hiyo takwimu ya kitabuni inaeleza gari likifanya kazi ambayo mwenyewe hakulinunulia.

Nchi zilizoanzisha vipimo hivi zimekiri upungufu wake na kuvirekebisha. Marekani ilianza mwaka 1985 kupunguza matokeo ya maabara kabla ya kuyachapisha: asilimia 10 kwa mwendo wa mjini na asilimia 22 kwa mwendo wa barabara kuu. Kuanzia magari ya mwaka 2008 iliongeza majaribio ya mwendo kasi, ya kiyoyozi katika joto la nyuzi 35, na ya baridi kali. Barani Ulaya tafiti zilionesha kwamba kufikia katikati ya muongo wa 2010, magari yalikuwa yakitumia mafuta takriban asilimia 40 zaidi ya takwimu rasmi. Ndipo kipimo kipya kikaanza kutumika mwezi Septemba 2017. Tofauti ilipungua, lakini haikwisha.

Ziko pia pikapu zisizo na takwimu rasmi kabisa. Pikapu kubwa za Kimarekani ambazo uzito wake pamoja na mzigo unaoruhusiwa unazidi takriban kilo 3,855 hazilazimiki kubandikwa lebo ya ulaji wa mafuta hata huko zinakotengenezwa. Anayeagiza gari la namna hiyo na kuambiwa kwamba "lebo yake inasema" kiasi fulani, aombe kuoneshwa lebo yenyewe.

Jihadhari na vipimo vya kigeni

Matangazo ya magari yanayouzwa kutoka nje hutumia lugha tatu tofauti. Kwetu tumezoea kilomita kwa lita: namba ikiwa kubwa, gari linatumia mafuta kidogo. Nchi nyingi za Ulaya, na Australia pia, hutumia lita kwa kilomita 100: namba ikiwa ndogo, ndiyo nafuu. Marekani na Uingereza hutumia maili kwa galoni, lakini galoni zao hazilingani. Galoni ya Marekani ina lita 3.785 na ya Uingereza ina lita 4.546. Kwa sababu hiyo, gari la maili 20 kwa galoni ya Marekani huenda kilomita 8.5 kwa lita, ilhali maili 20 kwa galoni ya Uingereza ni kilomita 7.1 tu kwa lita.

Kubadili lita kwa kilomita 100 kuwa kilomita kwa lita ni rahisi: gawanya 100 kwa namba uliyopewa. Gari la lita 10 kwa kilomita 100 huenda kilomita 10 kwa lita; la lita 12.5 huenda kilomita 8.

Kinacholiwa njiani

Mafuta ya pikapu huliwa na mambo sita makuu. Tunayaeleza kwa mfuatano wa uzito wake katika mazingira ya Ngara na Biharamulo.

Kwanza, mzigo na mlima. Ngara ni nchi ya vilima. Anayetoka bonde la mto Kagera pale Rusumo kwenda Ngara mjini hupanda mamia ya mita. Kwa hesabu ya kawaida ya injini ya dizeli, pikapu ambayo pamoja na mzigo wake ina tani 3 hutumia takriban robo lita ya ziada kwa kila mita 100 inazopanda kwenda juu, mbali na mafuta ya kusukuma mwendo wenyewe. Baadhi ya faida hurudi wakati wa kuteremka, lakini si yote, kwani sehemu kubwa huishia kwenye breki. Ndiyo maana safari mbili za kilomita zilezile zinaweza kutofautiana sana: kwenda Rusumo na kurudi kutoka Rusumo si safari moja kwa upande wa mafuta.

Pili, hali ya barabara. Mashimo, changarawe na tope humlazimu dereva kupunguza mwendo na kuongeza tena, mara mia kwa safari moja. Kila anapokanyaga breki, mwendo aliokwisha kuulipia kwa mafuta hupotea kama joto. Tairi nazo huzama kidogo katika udongo laini, hivyo injini hufanya kazi ya ziada hata mahali tambarare. Safari ya masika na safari ya kiangazi katika barabara ileile ya kijiji zipimwe kila moja peke yake.

Tatu, mwendo kasi. Upinzani wa hewa huongezeka kwa kasi kubwa kuliko mwendo. Gari linalotoka kilomita 80 kwa saa kwenda 100 hukabiliwa na upinzani wa hewa ulioongezeka kwa zaidi ya nusu. Pikapu, kwa umbo lake la kisanduku na mzigo uliorundikwa juu ya kabini, huumia zaidi kuliko gari dogo. Kwenye kipande kizuri cha lami, dereva anayeshikilia kilomita 80 huokoa mafuta na huchelewa dakika chache tu. Vijijini mwendo wa kisheria ni kilomita 50 kwa saa, na hapo usalama wa watu ndio hoja ya kwanza kabla ya mafuta.

Nne, mkono na mguu wa dereva. Kwa mujibu wa takwimu za serikali ya Marekani, kukanyaga mafuta kwa ghafla na kufunga breki kwa ghafla hupunguza umbali unaokwenda kwa kila lita kwa asilimia 15 hadi 30 katika barabara kuu. Madereva wawili katika gari moja, siku moja, wanaweza kutofautiana kwa kiasi hicho. Kuingiza magurudumu yote manne kwenye lami kavu nako hupoteza mafuta na huharibu mitambo. Gia hiyo ni ya tope na utelezi.

Tano, gari kusimama huku injini ikiunguruma. Injini ya dizeli ya pikapu huunguza takriban nusu lita hadi lita moja kwa saa bila kusogea hata hatua moja. Foleni ya mpakani, kungoja mzigo upakiwe, au dereva kukaa ndani na kiyoyozi kikiwaka, yote huingia katika gharama. Saa tatu za kungoja kwa namna hiyo zinaweza kula mafuta ya kilomita 20.

Sita, hali ya gari. Upepo mdogo wa tairi, kichujio cha hewa kilichojaa vumbi, nozeli zilizochoka na breki zinazoshika huongeza ulaji kidogo kidogo bila dereva kutambua. Vumbi la kiangazi la barabara zetu huziba kichujio mapema kuliko kitabu cha gari kinavyotaja.

Pima mwenyewe kwa tangi lililojaa

Njia ya kuaminika haihitaji kifaa chochote zaidi ya daftari, kalamu na stakabadhi za kituo cha mafuta. Hatua ni hizi:

1. Jaza tangi hadi pampu ijifunge yenyewe. Usiongeze baada ya hapo. Andika kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi.

2. Endesha kwa kazi zako za kawaida hadi utumie angalau nusu ya tangi. Safari fupi mno hutoa jibu la kubahatisha.

3. Rudi, ikiwezekana kwenye kituo kilekile na pampu ileile, gari likisimama mahali palepale. Jaza tena hadi pampu ijifunge. Andika lita ulizowekewa na kilomita mpya.

4. Toa kilomita za kwanza katika kilomita za pili, kisha gawanya kwa lita ulizojaza mara ya pili.

Tuchukue mfano. Dashibodi ilisoma 84,210 siku ya kwanza na 84,570 siku ya pili. Gari limekwenda kilomita 360. Lita zilizojazwa mara ya pili ni 42. Gawanya 360 kwa 42: gari limekwenda takriban kilomita 8.6 kwa lita. Rudia mara tatu au nne kabla ya kuiamini namba hiyo, kisha andika kando yake hali ya safari: likiwa tupu au na mzigo, lami au udongo, masika au kiangazi. Baada ya miezi miwili utakuwa na namba mbili au tatu za gari lako mwenyewe, nazo zina thamani kuliko takwimu yoyote ya kitabuni.

Angalizo moja kwa waliobadilisha tairi. Ukifunga tairi kubwa kuliko za kiwandani, dashibodi husoma kilomita pungufu. Tairi iliyozidi kipenyo kwa asilimia 10 hufanya kilomita 110 zisomeke 100, na gari huonekana mlafi kuliko lilivyo. Linganisha dashibodi na vibao vya kilomita vya kando ya barabara kuu kabla ya kulilaumu gari au kituo.

Tofauti hiyo kwa shilingi

Kikundi cha wakulima kinakodi pikapu kwa safari ya kwenda sokoni Benaco na kurudi, kilomita 120 kwa jumla, na wamepatana kwamba mafuta ni juu ya kikundi. Kwa urahisi wa hesabu tuseme lita moja ni shilingi 3,000. Bei halisi mtaiangalia katika tangazo la mwezi husika.

Kwa neno la dereva, kilomita 12 kwa lita, safari inahitaji lita 10, yaani shilingi 30,000. Gari likipimwa na mzigo kwenye barabara ya udongo, likaonekana kwenda kilomita 8 kwa lita, safari inahitaji lita 15, yaani shilingi 45,000. Tofauti ni shilingi 15,000 kwa safari moja. Kwa safari 10 katika mwezi ni shilingi 150,000. Fedha hizo hazikuibwa na mtu. Zilipotea katika makubaliano, kabla gari halijawashwa. Mwenye gari anayekubali kulipia mafuta mwenyewe kwa namba isiyopimwa hupata hasara ileile upande wake, na mara nyingi huifidia kwa kuahirisha matengenezo ya breki na tairi. Hapo hasara ya fedha hugeuka hatari ya maisha.

Kwa hiyo, kabla ya safari pande zote mbili zikubaliane mambo manne: umbali wa kwenda na kurudi, uzito wa mzigo, muda wa kungoja, na nani anayelipa mafuta kwa namba ipi. Yaandikwe, hata kwa mistari minne katika daftari.

Kabla ya kulilaumu gari, hakikisha lita

Pikapu inaweza kuonekana inakula sana kwa sababu lita zilizolipiwa hazikuingia zote tangini, au zimeingia zikiwa si dizeli safi. Mtumiaji ana haki na wajibu wake hapa.

Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, zikiwa zimepangwa kwa kila mkoa na wilaya. Bei ya Ngara na Biharamulo huwa juu kuliko ya Dar es Salaam kwa kuwa mafuta husafirishwa zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bandarini, na gharama hiyo huingizwa katika hesabu. Kituo kinaruhusiwa kuuza chini ya kikomo lakini si juu yake. Bei hizo zinapatikana pia kwa simu ya mkononi: piga *152*00# na kufuata maelekezo.

Unapofika kituoni, soma bango la bei kabla ya kuingia. Hakikisha pampu inaanza kwenye sifuri. Taja kiasi kwa lita pale unapopima ulaji wa gari, maana kununua kwa shilingi huficha idadi ya lita machoni pa wengi. Dai stakabadhi ya mashine na uitunze. Bila stakabadhi, malalamiko yako hayana mguu wa kusimamia. Usahihi wa pampu husimamiwa na Wakala wa Vipimo, na pampu iliyohakikiwa hubandikwa stika. Tafuta stika hiyo na usome mwaka wake.

Kuhusu ubora, tangu mwaka 2010 mafuta yanayotumika nchini huwekewa vinasaba, ili yaliyochakachuliwa na yale yaliyopaswa kuvuka mpaka bila kulipiwa kodi ya ndani yatambulike. Jambo hili linahusu Benaco kuliko maeneo mengi, kwa kuwa malori ya mafuta ya nchi jirani hupita hapa kila siku. Mafuta ya bei rahisi kupita kiasi, yanayouzwa katika madumu kando ya barabara, hayana stika ya kipimo, stakabadhi wala anayewajibika. Nozeli zikiharibika, muuzaji hatapatikana. Madumu hayo yakiwekwa ndani ya kabini au karibu na jiko, ni moto unaosubiri cheche.

Ukiwa na shaka baada ya kupima mara tatu au nne, anza kwa fundi unayemwamini. Gari likionekana zima, linganisha kituo kimoja na kingine kwa njia ileile ya tangi lililojaa. Tofauti ikijirudia, peleka malalamiko kwa maandishi kwanza kwa mwenye kituo, kisha, usiporidhika, kwa Mamlaka kupitia ofisi yetu ya Kanda ya Ziwa iliyopo Mwanza. Ambatisha nakala za stakabadhi, tarehe, namba ya pampu na hesabu zako. Malalamiko yenye namba hushughulikiwa kwa urahisi kuliko malalamiko yenye hasira peke yake.

Mambo ya kukumbuka

Takwimu ya kiwandani itumike kulinganisha gari na gari wakati wa kununua, si kupanga safari. Safari ipangwe kwa namba uliyoipima wewe, kwa gari lako, mzigo wako na barabara yako. Weka akiba ya mafuta unapoondoka Lusahunga au Benaco, kwa sababu katikati ya misitu ile mirefu kituo kinachofuata kiko mbali, na dumu la kando ya barabara ni ghali kuliko linavyoonekana. Na mtu akikuambia "lita moja kilomita 12", muulize kwa upole: likiwa tupu au limejaa, kwenye lami au kwenye udongo, na daftari liko wapi?